Mfungulieni mkazi faili la nyumba yake

Barua ya wazi kwa maofisa wa majimbo ya Marekani mnaosimamia Weatherization Assistance Program, na kwa wakurugenzi wa mashirika ya jamii mnaoifanya kazi yenyewe

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa Kiswahili nikijua kwamba wengi wenu mtahitaji mtu wa kuwasomea. Si kejeli. Ninaishi Lewiston, Maine, na kazi inayonipa ugali ni ukalimani: hospitalini, shuleni, na kwenye zile meza ambapo watu hujaza fomu za kuomba msaada wa mafuta ya kupashia nyumba joto. Hapo ndipo ninapowafasiria masharti yenu akina mama waliotoka Uvira na Fizi, vijana waliokulia kambi ya Nyarugusu, wazee wa Kizigua waliopitia Kakuma. Wao wamezoea kumsubiri mkalimani. Safari hii naomba msubiri ninyi.

Nina jambo moja tu. Mnanunua, au mnakaribia kununua, programu za mtandaoni za kuendeshea kazi ya kuziba nyumba zisipitishe baridi. Maombi yanaingia humo, ukaguzi unaingia humo, zabuni, picha, ankara na malipo vyote vinaingia humo. Kila anayewauzia anawaahidi uwazi. Muulizeni: uwazi kwa nani? Kwa wale ninaowafasiria, hali ni hii: ofisi ya jimbo inaona kila kitu, shirika la jamii linaona sehemu kubwa, mkandarasi anaona kilicho chake, na asiyeona chochote ni mkazi ambaye ukuta wake ndio uliotobolewa.

Niwaeleze kidogo wasomaji wenzangu ambao hawajawahi kuusikia mpango huu. Bunge la Marekani liliuanzisha mwaka 1976, miaka mitatu baada ya nchi za Kiarabu kuzuia mafuta yao na bei kupaa. Fedha hutoka Wizara ya Nishati, huenda kwa majimbo, majimbo huyagawia mashirika ya jamii, na mashirika hutuma mafundi wao au wakandarasi majumbani kwa watu. Kaya inayostahili ni ile ambayo kipato chake hakizidi asilimia 200 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu. Wazee, watu wenye ulemavu na wenye watoto hutangulizwa. Mwombaji hatoi senti. Fundi hupanda darini na kupuliza karatasi zilizosagwa kwa bomba nene, huziba nyufa kwa povu na gundi, hubandika mipira kwenye fremu za milango, hupima kama mashine ya joto inavuja hewa ya sumu, na mara nyingine huibadilisha kabisa. Zaidi ya nyumba milioni 7 zimepitiwa tangu wakati huo. Mwaka 2021 sheria ya miundombinu iliongeza dola bilioni 3.5 juu ya zile za kila mwaka.

Ni mpango mzuri. Nasema hivyo mapema kwa sababu wapo wanaotaka ufutwe. Bajeti ambazo Ikulu ya Marekani ilipeleka Bungeni kwa miaka ya fedha 2018 hadi 2021 zote zilipendekeza usipewe kitu, na Bunge likakataa kila mara. Sitaki barua hii iwe silaha mikononi mwa watu hao. Lakini angalieni nani anautetea mpango ukishambuliwa: wakurugenzi, vyama vya wakurugenzi, na wabunge wachache. Wale mamilioni waliozibiwa nyumba wako wapi? Wako kimya, kwa kuwa hawana hata karatasi inayosema walifanyiwa nini, kwa shilingi ngapi, na kikawapunguzia nini.

Uwazi wa kuonyesha hesabu za jumla tulishauona. Mwaka 2009, Marekani ilipokuwa kwenye mdororo wa uchumi, mpango huu ulitengewa dola bilioni 5 kwa mkupuo mmoja, na ikafunguliwa tovuti ya Recovery.gov ili kila mwananchi aone dola zinavyotumika. Novemba mwaka huohuo waandishi wa habari wakagundua kwamba tovuti inahesabu ajira kwenye wilaya za uchaguzi ambazo hazipo duniani. Arizona wakati ule ilikuwa na wilaya 8 za uchaguzi wa Bunge, lakini tovuti ikataja ya 15. Waliojaza fomu walikosea tarakimu, mfumo ukazimeza bila kuuliza, na ramani nzuri ikachorwa juu ya makosa hayo. Wakati huohuo, Februari 2010, Inspekta Mkuu wa Wizara ya Nishati alieleza kwamba majimbo yalikuwa yamechukua chini ya asilimia 8 ya fedha za kuziba nyumba. Sababu zilikuwa za kiofisi kabisa: viwango vya mishahara ya mafundi vilichelewa kupangwa, na baadhi ya majimbo yalikuwa yamesimamisha kuajiri na kuwapa watumishi likizo bila malipo kwa kukosa fedha zao wenyewe. Hakuna hata moja kati ya sababu hizo ambayo mwombaji aliyekuwa akitetemeka kwake Januari ile angeweza kuisoma karibu na jina lake. Kwake yeye, foleni ilikuwa tu haisogei.

Halafu fedha zikaanza kutoka kwa kasi. Mwaka huohuo wakaguzi wa Inspekta Mkuu walifuatana na wakaguzi wa kazi kwenye nyumba 15 za Illinois, eneo la Chicago. Nyingi kati yake zilishindwa ukaguzi wa mwisho, na wakandarasi walikutwa wametoza vifaa ambavyo havikufungwa. Sisi tuliotoka Tanzania tunaujua mtindo huu. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, hutua Bungeni mwezi wa nne, magazeti hujaa vichwa vya habari, na fedha zilishaliwa zamani. Ripoti ni muhimu, sisemi iachwe. Nasema huja wakati ukuta umeshafungwa na fundi ameshalipwa.

Mtanijibu kwamba siku hizi mambo yamebadilika: kila nyumba iliyokamilika lazima ipitiwe na mkaguzi mwenye cheti, picha zinapakiwa, fomu zina sehemu za lazima ambazo mfumo hauruhusu uziruke. Kweli, na nawapongeza. Ila tazameni ng'ambo ya bahari. Uingereza ilikuwa na kila kitu mnachotaka kununua. Kazi za kuziba kuta chini ya mipango yao miwili ya karibuni zilisajiliwa kwenye hifadhi ya data ya kitaifa zikiwa na vyeti vyake. Oktoba 2025 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya nchi hiyo ikatangaza kwamba nyumba zilizofungwa kihami kwa nje ya ukuta, zipatazo 22,000 hadi 23,000, asilimia 98 zina kasoro kubwa zinazohitaji kurekebishwa. Asilimia 98! Vyeti vilikuwa vimekamilika huku kuta za watu zikiingia maji na ukungu. Waliokuwa wakiuona ukungu huo ni wakazi, na sauti yao haikuwa sehemu ya mfumo uliotamka kwamba kazi imekwisha.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Mkaguzi wenu huja mara moja, mchana, pengine mwezi wa Juni. Jimbo huteua walau nyumba 5 kati ya kila 100 na kuzipitia tena. Mkazi analala humo Februari, upepo ukitoka baharini na joto likiwa chini ya sifuri. Anajua ni soketi gani ya umeme inayopuliza baridi. Anajua chumba cha watoto kimebaki vilevile ingawa sebule imepata nafuu. Hana cheti, lakini hakuna mkaguzi mwingine mtakayeweza kumweka kwenye nyumba hiyo kila usiku bila mshahara. Programu isiyompa nafasi ya kusoma na ya kusema imemwacha nje shahidi bora kuliko wote.

Chukueni kipimo cha feni. Fundi anafunga feni kubwa kwenye mlango wa mbele, inanyonya hewa hadi tofauti ya shinikizo kati ya ndani na nje ifike paskali 50, kisha mashine inasoma ni futi ngapi za ujazo zinazopita kila dakika. Hufanywa kabla ya kazi na baada ya kazi. Ni kipimo kizuri sana, kwa kuwa hakibembelezeki. Tuseme nyumba ilisoma 3,800 kabla na 3,500 baada. Mtu yeyote, hata asiyewahi kukanyaga darasa la fizikia, ataona kwamba matundu mengi yamebaki na atauliza kwa nini. Tarakimu hizo mbili zimo ndani ya mifumo yenu. Kwenye meza ninazokalia, sijaona familia iliyopewa. Zinakwenda kwa mkaguzi, kwa jimbo, kwa wizara, halafu zinalala.

Upo pia mfano wa kinyume, ambapo kumficha mkazi kunaharibu kazi iliyofanywa vizuri. Nyumba ikishazibwa barabara, kanuni zinataka hewa iingizwe na kutolewa kwa mpango, kwa hiyo fundi hufunga feni ndogo bafuni inayozunguka saa zote. Mama wa watu haelewi kwa nini kuna kidude kinachokula umeme mchana kutwa. Anakizima. Wiki chache baadaye kioo kinalia machozi, pembe za ukuta zinaota weusi, mtoto mwenye pumu anakohoa, na mama anaamini kwamba ni ile kazi ya serikali iliyomletea balaa. Nimeshawafafanulia watu wengi jambo hili kwa mdomo, baada ya madhara. Ujumbe wa sauti wa dakika moja kwa Kiswahili, uliounganishwa na faili la nyumba, ungetosha. Zingatieni kwamba nimesema wa sauti. Wazee wetu wengi wanaongea Kiswahili safi lakini hawakupata kukisoma, na kuwawekea kurasa 12 za tafsiri ni kujiridhisha ninyi wenyewe.

Kuhusu foleni sina maneno mengi. Mtu aone yuko hatua gani na nani ameshika faili lake. Vifurushi vya madukani hufuatiliwa hivyo kwa simu, na mwombaji wa miaka 70 anastahili walau heshima inayopewa kifurushi.

Kuhusu waliokataliwa nina mengi, kwa sababu hapo ndipo giza lilipo. Nyumba huahirishwa: paa linavuja, nyaya za umeme ni za zamani mno, darini kuna kihami chenye asbesto, besimenti ina maji. Sheria ya mpango haiwaruhusu mpulize karatasi kavu chini ya paa linalovuja, na ni haki. Lakini matokeo yake ni kwamba nyumba mbovu zaidi, za watu maskini zaidi, ndizo zinazoachwa, na mtu anaambiwa kwenye simu kwamba "nyumba yake haiko tayari". Haiko tayari kwa lipi? Tangu 2022 serikali kuu imekuwa ikitoa fungu maalumu la kuziandaa nyumba za namna hii. Mkazi ambaye faili lake lingesema wazi, "paa, upande wa kaskazini, rudi baada ya kurekebishwa, omba hapa", angekuwa na pa kuanzia. Na nyie mngekuwa na takwimu za kumwonyesha mbunge: wilaya hii tumeacha nyumba kadhaa kwa ajili ya paa, ile kwa ajili ya nyaya. Hesabu ya nyumba zilizokamilika peke yake inamficha kila aliyerudishwa mlangoni.

Naingia kwenye fedha, maana najua ndilo swali la wanaowapinga. Kanuni zenu zinataka kila kifaa kirejeshe gharama yake: dola moja iliyotumika ilete walau dola moja ya akiba katika maisha ya kifaa hicho, na programu ya ukaguzi ndiyo inayopiga hesabu hiyo kabla ya kazi. Wachumi Meredith Fowlie, Michael Greenstone na Catherine Wolfram waliifuatilia kazi hii Michigan, kwa kaya zipatazo 30,000, wakalinganisha ahadi na ankara halisi za nishati. Akiba iliyotabiriwa na hesabu za awali ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile iliyopatikana. Wapinzani wa mpango waliushangilia utafiti huo. Wachache waliendelea kusoma uliofuata, wa Illinois, ambapo Peter Christensen na wenzake walichambua pengo hilo limetoka wapi. Hadi asilimia 41 ilitokana na hesabu zenyewe kuahidi kupita kiasi, hasa kwa kuta. Asilimia 43 ilitokana na tofauti za ufundi. Ile hadithi maarufu kwamba maskini wakishazibiwa nyumba hupandisha joto na kuipoteza akiba yote ilieleza asilimia 6 tu.

Rudieni hiyo 43. Maana yake ni kwamba kuna mafundi wanaofanya kazi hii vizuri na wapo wanaoilipua, na kumbukumbu zikitunzwa nyumba kwa nyumba tofauti yao inaonekana. Sasa niambieni kwa nini anayeweza kuiona tofauti hiyo awe profesa peke yake, miaka kadhaa baadaye. Kila mkandarasi anayelipwa kwa fedha za umma angepaswa kuonekana hadharani kwa kazi zake: nyumba ngapi, upungufu wa uvujaji aliouleta kwa wastani, mara ngapi ameitwa kurudia, ahadi ya akiba dhidi ya ankara za mwaka uliofuata pale mkazi aliporidhia zitazamwe. Fundi hodari hatalalamika, kwa sababu leo analipwa sawa na mlipuaji na hakuna anayejua tofauti yao. Atakayelalamika tutamjua.

Na ankara yenyewe iwe wazi kwa mkazi kabla haijalipwa, mstari kwa mstari, kwa maneno ya mtaani: mifuko mingapi ya kihami darini, milango mingapi, mashine gani. Mpeni siku chache za kubonyeza "imefanyika" au "haijafanyika" na kupiga picha. Simpi mamlaka ya kuzuia malipo kwa chuki. Akisema haijafanyika, mkaguzi arudi, basi. Wale wa Illinois wa mwaka 2010 waliotozewa vifaa visivyokuwepo wangeweza kuwaambia bure kwamba vifaa havipo.

Kuna utafiti mwingine wa wachumi haohao watatu wa Michigan ambao kwangu mimi ni wa kusikitisha zaidi. Walitaka kujua kwa nini watu hawaji kuchukua kitu cha bure. Katika kundi ambalo halikuhamasishwa, chini ya kaya 1 kati ya 100 zilizoonekana kustahili zilizibiwa nyumba. Wakagonga milango, wakapiga simu, wakatuma barua, wakawasaidia watu kujaza fomu, na kiwango kikapanda kidogo tu. Wengi waliishia njiani kati ya ombi, vielelezo vya kipato, ukaguzi na kazi yenyewe. Mimi sikushangaa. Mtu anayefanya zamu mbili kwenye kiwanda cha samaki Portland hana nafasi ya kuleta hati za mishahara za miezi kadhaa kwenye ofisi inayofungwa saa kumi na moja jioni, kisha aambiwe moja imepitwa na wakati. Programu nzuri ingepokea picha ya hati kwa simu, na ingetumia uthibitisho wa kipato ambao ofisi ya msaada wa mafuta imeshaupata. Si kila anayetaka kujisajili ana barua pepe. Namba ya simu itoshe.

Nirudi kwetu Lewiston, kwa maana tatizo la wapangaji linaonekana hapa kuliko mahali pengi. Nyumba zetu za katikati ya mji ni zile za mbao za ghorofa tatu na nne zilizojengwa kwa ajili ya Wakanada wa Quebec waliokuja kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo. Kuta hazikujengwa kwa kufikiria kihami, na Maine ndiyo jimbo linalotegemea mafuta ya kupashia nyumba kuliko jimbo lolote la Marekani. Kanuni ya serikali kuu inasema jengo la familia nyingi linaweza kuzibwa lote iwapo angalau asilimia 66 ya kaya zake zinastahili, au nusu kwa majengo ya kaya mbili na ya kaya nne. Yaani jengo la kaya tatu likiwa na familia mbili zenye kipato cha chini, limepita. Mitaa mizima ya kwetu ingepita.

Lakini mwenye nyumba lazima akubali, na hapo mpangaji anakuwa kipofu. Ameomba, mwenye nyumba amejibu? Amekataa? Hajapokea barua? Na kazi ikifanyika, kanuni hiyohiyo inamlinda mpangaji: kodi isipandishwe kwa muda uliowekwa kwa kisingizio cha thamani iliyoongezwa na kazi ya umma. Ulinzi huo umo kwenye mkataba kati ya shirika na mwenye nyumba. Mpangaji anayeletewa notisi ya kodi mpya miezi michache baadaye hajui kwamba mkataba huo upo, sembuse tarehe unapokoma. Wekeni mkataba ndani ya faili analoliona. Mkifanya hilo moja tu, kwa wapangaji wa hapa mtakuwa mmefanya zaidi ya ramani zote za rangi.

Najua kuna neno mnalotaka kuniambia: faragha. Ni neno zito, na sisi ndio tunaolielewa kuliko wengi. Tangu 2010 Wizara ya Nishati inawataka mlinde taarifa binafsi za waombaji kama serikali kuu inavyolinda za kwake, na mwongozo huo usiguswe. Aprili 2025 idara ya kodi ilitia saini makubaliano ya kupeana taarifa na idara ya uhamiaji, na tangu hapo kwenye meza zangu watu hutazama fomu yoyote kama mtego. Kwa hiyo nasema bayana: jina, anwani, kipato, hali ya uhamiaji, picha za ndani ya nyumba, vyote ni vya mkazi na shirika tu. Hadharani viende vitu vya umma: mkandarasi, gharama, aina ya kazi, vipimo vya kabla na baada, kwa kata au kwa msimbo wa posta, na pale nyumba zilizozibwa zilipo chache mno kiasi kwamba jirani angeweza kukisia, ziunganishwe na za eneo la pili. Kila aliyefungua faili la mtu aache alama ya nani na lini, na mkazi aione alama hiyo. Faragha ikitumika kumficha mkandarasi badala ya kumlinda mkazi, imegeuzwa kichwa chini.

La wauzaji wa programu nalipitia haraka kwa kuwa ninyi ni wataalamu wa mikataba, si mimi. Data ziwe zenu, ziweze kuhamishwa mzigo mzima siku mkiachana na kampuni, na mkataba useme hivyo kwa maandishi. Jimbo linalolazimika kuinunua upya historia ya nyumba zake limeshashindwa mazungumzo kabla hayajaanza. Kumbukeni pia kwamba sheria ya 2020 inaruhusu nyumba kuzibwa tena baada ya miaka 15. Nani atakumbuka kilichofanywa mwaka huu ifikapo 2041, kama kumbukumbu imezikwa kwenye programu ya kampuni iliyokufa?

Na la lugha. Amri ya rais ya mwaka 2000 iliyozitaka ofisi za serikali kuu na wanaopokea fedha zake kuwahudumia wasiojua Kiingereza vizuri ilifutwa Machi 2025. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 haijafutwa, na inakataza ubaguzi wa asili ya taifa kwenye mipango inayopokea fedha hizo. Msingoje kushtakiwa. Kiswahili, Kireno, Kisomali, Kifaransa: kwa Maine ni lugha za walipa kodi wanaoamka saa kumi alfajiri.

Ombi langu la mwisho ni dogo na halihitaji kamati. Kabla hamjatia saini mkataba ujao wa programu, mwiteni mpangaji mmoja wa ghorofa ya tatu ambaye nyumba yake imeshazibwa. Mwacheni atumie simu yake mwenyewe, kwa lugha yake mwenyewe, bila mimi kukaa pembeni. Mwambieni atafute nani alikuja kwake, alifanya nini, kililipwa kiasi gani, feni ilisoma ngapi kabla na baada, na kodi yake imelindwa hadi lini. Akishindwa kuyapata, msitie saini.

Wenu,
Mkalimani, Lewiston, Maine